Sauti Hutangulia Herufi: Jinsi Mtoto Anavyojifunza Kupenda Kusoma

Mtu mzima apendaye kusoma akiulizwa alianzaje, ni nadra ataje kanuni aliyofundishwa darasani. Hutaja mahali, saa na mtu. Mmoja atakumbuka mkeka uliotandikwa barazani na kaka wa darasa la sita aliyesoma Hekaya za Abunuwasi kwa sauti, wadogo zake wakicheka kabla hajafika penye kichekesho. Mwingine atakumbuka kibatari kilichofuka moshi, bibi aliyeletewa barua na mwanawe wa mjini, na yeye mjukuu akiombwa aisome mara ya tatu. Wapo pia waliojifunza kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa maandazi, wakayasoma hadi pale mafuta yalipoyalowesha maneno. Kitabu chenyewe mara nyingi kimekwisha kusahauliwa jina, ilhali sauti ya msomaji haijasahauliwa.

Simulizi za namna hii huchukuliwa kuwa mali ya wanafasihi. Hata hivyo zina manufaa makubwa kwa watoa huduma za afya ya watoto, kwa kuwa ndani yake mna maelezo ya jinsi ubongo wa mtoto unavyoingia katika kazi ya kusoma. Mna pia fununu ya jambo lenye uchungu: kwa nini mtoto mwingine, mwenye akili timamu na shule iliyo karibu, hukua bila kuonja raha hiyo hata siku moja.

Mwandishi wa Kifaransa Marcel Proust aliligusa suala hili mwaka 1905 katika insha juu ya kusoma. Alikuwa mtoto wa tabibu. Baba yake, Adrien Proust, alikuwa profesa wa elimu ya afya mjini Paris na alijulikana kwa juhudi zake za kuzuia kuenea kwa kipindupindu. Marcel mwenyewe alipatwa na pumu akiwa na umri wa miaka 9, na aliishi nayo hadi kufa kwake mwaka 1922. Katika insha hiyo alieleza kwamba vitabu vilivyosomwa utotoni hutuachia zaidi picha ya siku na mahali viliposomwa kuliko yaliyokuwamo: rafiki aliyekuja kumwita mtoto acheze, nyuki aliyemzunguka, chakula alichoitiwa angali katikati ya ukurasa. Wakati ule mambo hayo yalimkera. Baada ya miaka mingi ndiyo yaliyobaki.

Aliyeeleza kwa undani zaidi ni Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa aliyezaliwa Paris mwaka 1905, katika kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kilichotoka mwaka 1964. Baba yake, afisa wa jeshi la majini, alifariki mtoto akiwa na miezi 15, na mama akarejea naye nyumbani kwa wazazi wake. Babu alikuwa mwalimu wa lugha ya Kijerumani, na chumba chake cha kazi kilijaa vitabu. Mtoto aliviheshimu vitabu hivyo kabla hajajua vina nini. Mama yake alizoea kumsimulia hadithi wakati wa kumwogesha, kwa maneno yaliyomjia papo hapo, akikatiza na kuendelea. Siku moja alimketisha mbele yake, akafungua kitabu, akainamisha macho, akaanza kusoma. Mtoto alitaharuki. Mdomo ulikuwa wa mama, lakini usemi haukuwa wake. Sentensi zilikuwa ndefu, zimenyooka, hazikusita. Baada ya muda akaelewa kwamba anayesema ni kitabu.

Tukio hilo dogo linastahili kutazamwa kwa makini. Lugha ya kitabu si lugha ya jikoni. Ina maneno yasiyotamkwa katika mazungumzo ya kila siku, ina viunganishi vingi, na haitegemei kidole kinachoonyesha wala uso unaokunjamana. Mtoto aliyeisikia kabla ya kwenda shule huikuta darasani kama mgeni aliyewahi kumwona nyumbani. Asiyeisikia hupambana na mambo mawili kwa mpigo, herufi ngeni na lugha ngeni. Sartre anasema baadaye alifikia kupenda hadithi zilizoandikwa kuliko za kubuniwa papo hapo, kwa sababu zilirudi vilevile kila mara. Wazazi wengi huchoshwa na mtoto anayedai hadithi ileile usiku wa kumi. Mtoto yuko sahihi. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi chache kwa kurudiarudia walijifunza maneno mapya vizuri kuliko wenzao waliosomewa hadithi nyingi tofauti, ingawa maneno yenyewe waliyasikia kwa idadi sawa.

Kisha mtoto yule akamwonea wivu mama yake, akaazimia kumnyang'anya kazi ya kusoma. Alichukua kitabu, akajificha katika chumba cha kuwekea vitu, akafuata mistari kwa macho huku akijisimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe, akichunga asiruke silabi. Wakubwa walipomgundua waliamua kwamba wakati wa kumfundisha alfabeti umefika. Baada ya hapo alichukua hadithi ya mtoto asiye na familia iliyoandikwa na Hector Malot, ambayo tayari aliijua kwa moyo, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, nusu akikariri, nusu akizifumbua herufi. Alipofunua ukurasa wa mwisho, alikuwa anajua kusoma.

Wataalamu wa makuzi ya mtoto huitambua hatua hiyo ya kujifanya msomaji. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayeshika kitabu juu chini na kuropoka hadithi hachezi tu, wala haharibu kitabu. Amekwisha kuelewa kwamba alama zilizo kwenye karatasi husema, kwamba husema jambo lilelile kila zikifunguliwa, na kwamba yeye pia anaweza kuzisemesha. Kumcheka au kumpokonya kitabu ni kumrudisha nyuma.

Sauti iliyotangulia herufi haipatikani katika nyumba za wenye maktaba peke yao. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, yapata mwaka 1818. Akiwa na umri wa miaka 8 hivi alipelekwa Baltimore, ambako mke wa bwana wake alikuwa na desturi ya kusoma Biblia kwa sauti. Douglass aliandika mwaka 1855 kwamba kusikia usomaji huo mara kwa mara ndiko kulikomwamshia hamu ya kujua siri ya maandishi, hata akamwomba bibi huyo amfundishe. Alifundishwa alfabeti kwa muda mfupi, kisha mume akapiga marufuku. Mtoto akaendelea kwa kuwapa mikate watoto maskini wa Kizungu wa mtaani, nao wakamlipa kwa masomo. Marufuku ilizidisha hamu, lakini hamu yenyewe ilikuwa imekwisha kuwashwa na sauti.

Karibu na kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru, Kenya, mwaka 1938, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2010 jinsi watoto wa boma lao walivyokusanyika jioni katika nyumba ya mke mkubwa wa baba yake kusikiliza hadithi. Mama yake mzazi hakujua kusoma. Ni yeye, hata hivyo, aliyempeleka mwanawe shule, na kila mara alipoletewa alama za mtihani alimwuliza kama hicho ndicho kiwango cha juu cha uwezo wake. Mzazi asiyejua alifu wala bee anaweza kumlea msomaji, na huo ni ushahidi ulioandikwa.

Inafaa kuweka tahadhari hapa. Kumbukumbu za utotoni si picha za kamera. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alionyesha tangu mwaka 1932 kwamba mtu anapokumbuka hulijenga upya tukio, akijaza mapengo kwa mambo yanayomwelea. Sartre aliandika akiwa mtu mzima mwenye sifa duniani. Bila shaka alizipanga siku zake zikae vizuri. Isitoshe, watu wengi hawana kumbukumbu ya tukio lolote la kabla ya miaka 3, kwa kuwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshona matukio pamoja na mahali na wakati wake, bado inakomaa. Basi mtoto aliyebembelezwa kwa hadithi akiwa na mwaka mmoja hatakumbuka hata usiku mmoja wa usiku ule. Kilichobaki ni msamiati, mazoea ya kusikiliza, na hisia isiyo na tarehe kwamba kitabu ni kitu cha raha. Hazina hiyo huingia bila risiti, na pengine ndiyo sababu wazazi huidharau.

Kuhusu kusoma kwenyewe, ubongo haukuzaliwa nako. Binadamu amezungumza kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini maandishi yana umri wa takriban miaka 5,000 tu, muda mfupi mno kwa maumbile kumtengenezea kiungo maalumu. Dalili ya kwanza ya jinsi ubongo unavyojitengenezea njia ilitoka Paris mwaka 1892, pale tabibu Jules Dejerine alipochapisha habari za mgonjwa aliyepatwa na maradhi ya ajabu: aliona vizuri, alizungumza vizuri, aliandika vizuri, lakini hakuweza kusoma, hata maandishi ya mkono wake mwenyewe. Baada ya kifo chake uchunguzi ulikuta madhara katika sehemu ya nyuma ya ubongo upande wa kushoto. Leo mashine za kupiga picha za ubongo zimeonyesha kwamba chini ya upande huohuo, pale sehemu ya kisogoni inapopakana na ile ya kando ya sikio, pana eneo linalojizoeza kutambua maneno yaliyoandikwa. Eneo hilo kwa asili hutambua maumbo ya vitu na nyuso. Kusoma hulipangia kazi nyingine. Stanislas Dehaene na wenzake walilipima kwa watu wazima 63 wa Brazili na Ureno, matokeo yakatoka mwaka 2010. Liliitikia maandishi kwa waliosoma utotoni na kwa waliojifunza ukubwani pia, ila si kwa wasiojua kusoma. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima hakuwa anapoteza muda wake.

Lakini eneo hilo peke yake halina maana. Lazima lifungwe kwa nyaya za neva na sehemu za sauti na za maana, ambazo mtoto alianza kuzijenga aliposikiliza, miaka kadhaa kabla ya daftari la kwanza. Ndiyo maana ya kusema kwamba sauti hutangulia herufi.

Kwa upande huu mtoto anayesoma Kiswahili ana bahati. Herufi zetu husema kile zinachosema. Irabu ni tano, silabi nyingi huishia na irabu, na aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kuliendea neno asilowahi kuliona. Mtoto wa Kiingereza huhitaji muda mrefu zaidi kufikia hapo. Bahati hiyo ina mtego wake. Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti tamu, mwalimu akaridhika, na asiwe ameelewa sentensi moja, hasa kama nyumbani husemwa Kisukuma, Kihaya au Kimakonde. Amefungua mlango akasimama kizingitini. Mapenzi ya kusoma hayakai kizingitini. Hukaa ndani, kwenye kutaka kujua sungura atatokaje kisimani. Somo la Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambalo tangu mwaka 2015 limetiliwa mkazo katika darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania, humfikisha mtoto mlangoni. Kwa safari iliyobaki anahitaji hadithi, na hadithi zenyewe ziwe katika lugha anayoielewa.

Sasa kuna watoto ambao hawafiki hata mlangoni, na hapa ndipo tabibu anapohusika moja kwa moja. Katika madarasa mengi mtoto wa namna hiyo hupewa jina: mvivu, mzito, mtoro. Jina likishamganda, hukaa nyuma, hurudia darasa, kisha huacha shule. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumpima macho. Asiyeona mbali husoma kitabu alichokikaribisha puani lakini haoni ubao. Asiyeona karibu vizuri huuona ubao, ila mistari ya kitabu humtia maumivu ya kichwa naye hukiweka kando. Yeye ndiye huitwa mvivu. Wote wawili wanaweza kuhitaji miwani tu. Mtoto mwenye makengeza yuko katika hatari nyingine, kwani ubongo wake unaweza kulipuuza jicho moja mpaka jicho hilo lipoteze uwezo, na tiba hufaulu zaidi ikianza kabla ya umri wa miaka 7. Sartre mwenyewe alikuwa na doa jeupe katika jicho la kulia, lililomwachia makengeza na kulifanya karibu lisione. Mapenzi yake yote ya vitabu yalipita katika jicho moja. Mwaka 1973 jicho hilo nalo lilipofifia hakuweza tena kusoma, na rafiki zake wakawa wanamsomea kwa sauti hadi alipofariki mwaka 1980.

Imani iliyoenea kwamba kusoma kwa mwanga hafifu hupofusha macho haina msingi. Mwanga hafifu huchosha macho, na uchovu huisha kwa kupumzika. Cha kuogopwa katika kibatari ni moto na moshi wake.

Masikio husahaulika zaidi ya macho. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara husikia lugha kama kupitia ukuta. Tofauti kati ya pa na ba, au ta na da, humpotea, na herufi hazina mahali pa kushikilia. Maradhi mengine huacha alama katika ubongo wenyewe. Utafiti uliofanywa Kampala kwa watoto walionusurika malaria ya ubongo, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba miaka 2 baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Nao upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma huwafanya watoto wengi wachoke na kukosa umakini. Mtoto kama huyo anahitaji kupimwa wekundu wa damu kabla ya kuhukumiwa tabia yake.

Kisha kuna wale wenye macho mazima, masikio mazima, akili nzuri, na bado herufi haziwatii. Tabibu Mwingereza Pringle Morgan aliandika mwaka 1896 juu ya kijana wa miaka 14 wa namna hiyo, ambaye mwalimu wake alikiri kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni iwapo masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Katika lugha zenye maandishi manyoofu, kama Kiitaliano, haijitokezi sana kwa makosa. Hujitokeza kwa ukawiaji, na kwa hiyo huwa rahisi kutoonekana. Inapasa kuitafuta katika Kiswahili kwa njia hiyohiyo, kwa kumtazama mtoto anayesoma sahihi lakini polepole mno, na ambaye hadithi akisimuliwa huielewa kuliko wenzake. Huhitaji mafunzo ya subira, muda wa ziada wa mtihani, na mtu wa kumsomea ili mapenzi yasife wakati ustadi unangojwa.

Fimbo haina nafasi katika orodha hiyo ya tiba. Amigdala, kiini cha hofu katika ubongo, huitia nguvu kumbukumbu ya tukio la kutisha pamoja na vyote vilivyokuwapo wakati huo. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea silabi hataisahau siku hiyo, na ukurasa aliokuwa akiusoma utabaki ndani yake. Wapo wazee ambao wakishika kitabu viganja hutoka jasho, wala hawajui kwa nini.

Nini kifanyike mahali ambapo vitabu ni vichache na foleni ya kliniki ni ndefu? Mjini Boston, Marekani, mwaka 1989, madaktari wa watoto wa hospitali ya jiji walianza kuwapa watoto kitabu kila walipoletwa kuchunguzwa, huku wakimwonyesha mzazi namna ya kukitumia. Mpango huo umeenea nchini humo, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kuwasomea watoto tangu kuzaliwa kuwe sehemu ya huduma ya kawaida. Kuunukuu mzimamzima si lazima. Mama wa Kitanzania humleta mtoto kliniki kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, akakaa benchi saa kadhaa. Muda huo unatosha kwa muuguzi kuuliza maswali matatu: mtoto akiitwa bila kuonwa, hugeuka? Macho yake hutazama pamoja? Jioni nani humsimulia hadithi? Jibu baya la swali la kwanza au la pili ni rufaa, na ipatikane kabla mtoto hajaandikishwa darasa la kwanza. Jibu la la tatu likiwa hakuna, ni mazungumzo ya dakika tano. Mama asiyejua kusoma aonyeshwe kitabu cha picha, au hata kalenda ya ukutani, amtajie mtoto kuku, mnazi, mashua, kisha asubiri mtoto ajibu kwa kidole. Aambiwe kwamba ngano za bibi yake zinafaa zilivyo, zirudiwe vilevile kila usiku, na kwamba mtoto akimsahihisha neno aliloruka, hiyo ni dalili njema.